Mzee wa Chumba Namba Nne na Mauaji Kumi na Tisa

Nianze kwa kukiri, kabla sijapata nafasi ya kubadili mawazo: yule mwanamke aliyesimama Rubona mchana kweupe, mbele ya wavuvi, wauza samaki, madereva wa moto (pikipiki za abiria hizo) na mkuu wa mudugudu, yaani wa kitongoji, akamwita mzee wa watu muuaji, tena akasoma na ushahidi kwa sauti kama anayesoma somo la kwanza kanisani, alikuwa mimi. Si dada yangu, si mtu tunayefanana. Mimi Josiane, wa mapokezi. Nimejaribu mara kadhaa kuwaambia watu kwamba nilisukumwa na umati, lakini bahati mbaya kila ninayemwambia alikuwepo, na anakumbuka vizuri kwamba umati niliupeleka mimi.

Sasa ili mnielewe (kunisamehe ni juu yenu) lazima niwaambie kwanza habari za ugonjwa wangu. Ninafanya kazi katika nyumba ndogo ya wageni hapa Gisenyi, Rwanda, vyumba kumi na viwili, bustani mbele, jikoni nyuma, na kazi yenyewe, nisiwadanganye, nusu yake ni kukaa na kungoja. Mwingine angefuma vitambaa. Mimi nikaanza kusoma. Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania nikiwa darasa la sita, kwa hiyo Kiswahili cha kwenye vitabu nakisoma bila kujikwaa, na madereva wa malori ya Dar wanaolala kwetu wakingoja karatasi zao za kuvuka kwenda Goma, walipogundua hilo wakawa wananiachia vitabu walivyomaliza, na wao, sijui kwa nini, hawasomi kingine ila visa vya mauaji ya kweli. Fulani kamuua fulani, mji fulani, majina yamebadilishwa, tukio ni la kweli kabisa. Nikaonja kimoja, nikaonja cha pili, kufikia cha kumi nilikuwa siwezi kumpokea mgeni bila kutazama viatu vyake kama vina udongo.

Riwaya zikanishinda. (Mtu akae chini atunge maiti, ya nini, na maiti za kweli zipo?) Na mnajua mtu akisoma jambo moja kwa muda mrefu anaanza kujiona ana cheo. Mbuzi wa jirani alipokufa mimi nikauliza nani amefaidika. Mgeni akichelewa kuamka, nasimama nje ya mlango wake nisikilize kama anapumua. Na kwa kuwa ujuzi wa peke yako hauna utamu, nikampata msikilizaji: Papa Safari, mpishi wetu, mtu wa Goma anayevuka mpaka kila asubuhi kuja kazini. Yeye kusoma hakumpendezi, lakini kusimuliwa anapenda kupita kiasi. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda jikoni, yeye anamenya viazi, mimi namuua mtu polepole mpaka viazi viishe.

Kitabu kilichoniponza kilikuja bila jalada. Bila kurasa za mbele pia, na mbaya kuliko zote, bila sura ya mwisho. Kilihusu mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki wakavu, kinamwita Rehema, aliyekuwa akitoka nchi ya jirani kwenda kununua mzigo Mwanza, hakuwa na ndugu, hakuwa na mtu wa kumlilia, ndivyo kilivyosema, akakutwa ameuawa katika chumba alichopanga. Kisa kilikuwa kimeandikwa vizuri mno. Nilikisoma mara tatu. Nilikisimulia jikoni sijui mara ngapi, na mikono, na sauti ya Rehema akigonga ukuta, na sauti ya muuaji akikohoa nje. Lakini muuaji alikuwa nani, sikujua, kwa sababu sura ya mwisho ilikuwa imechanwa na dereva kwa mahitaji anayoyajua mwenyewe. Papa Safari alisema ni mwenye nyumba. Mimi nilisema ni mshirika wake wa biashara. Tulibishana miezi minne.

Kilichobaki mwishoni ni karatasi moja tu, nayo imechanwa kipande cha juu. Upande wa kushoto kuna picha ya mwanamume wa makamo anatazama kamera bila kucheka, nyusi ya kulia nyeusi, nyusi ya kushoto nyeupe kama pamba. Upande wa kulia kuna maneno, yanaanzia katikati ya sentensi, na nayajua kwa moyo kama Baba Yetu: “mauaji kumi na tisa, na hakuna hata moja lililomshinda. Baada ya miaka thelathini ameiacha kazi hiyo. Sasa anaishi kwa utulivu kando ya ziwa na mke wake wa pili, akifuga nyuki. Hupenda kusafiri na kukutana na watu wapya.”

Nawaomba mkisome tena hicho kipande, halafu mniambie nyinyi mngeelewa nini. (Mume wangu alipoulizwa alisema angeelewa kwamba ni maelezo ya mwandishi. Lakini yeye amekisoma baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo jibu lake silihesabu.)

Basi. Siku moja ya Alhamisi, saa kumi jioni, mlango wa mapokezi ukafunguliwa akaingia mzee mrefu, mweusi, mpole, ana begi la bega na dumu la lita tano lililofungwa gundi mdomoni. Nikainua uso nimkaribishe. Nyusi ya kulia ilikuwa imeota mvi kidogo. Ya kushoto ilikuwa nyeupe kama pamba.

Nilitaka kukimbia, lakini malezi ni malezi. Nikasema, “Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Nimefurahi kusikia Kiswahili cha nyumbani. Mna chumba chenye utulivu?”

Utulivu. Neno lilelile la kwenye karatasi. Nikampa chumba namba nne, cha mwisho. Akajaza fomu taratibu, akaniuliza Rubona ni mbali kutoka hapa, nikasema si mbali, ni huko kwenye bandari, moto inafika upesi. Akasema, “Kuna mama mmoja mzee namtafuta huko. Anaishi peke yake. Sijui kama bado yu hai.” Akatabasamu. Katika vitabu vyangu vyote muuaji ana adabu, majirani daima hushangaa.

Hapo ndipo penye kosa langu dogo, na nalionyesha kwa kidole ili msijesema baadaye sikuliona. Kwenye fomu ya wageni kuna mstari wa kazi. Yeye aliandika “mstaafu.” Nilichotakiwa kufanya ni kuuliza, mzee, mstaafu wa nini? Maneno manne, na leo ningekuwa mtu anayeheshimika wilaya nzima ya Rubavu. Badala yake nikangoja apotelee ukumbini, nikatoa ile karatasi kwenye droo, nikakimbia nayo jikoni kwenda kusifiwa.

Papa Safari alikuwa anaosha sambaza, dagaa wa ziwa letu. Akajipangusa mikono, akachungulia mgeni kupitia dirisha, akatazama picha, akachungulia tena.

“Njo yeye,” akasema kwa sauti ya chini. “Nyusi ni ileile. Kumi na tisa, Josiane. Na ule bibi wa kwanza, yeye iko wapi?”

Swali hilo sikuwa nimelifikiria, na niliona wivu kidogo kwamba amelifikiria mpishi.

“Usimwambie mtu,” nikamwambia.

“Mi nitamwambia nani?” akasema. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba alipiga picha ile karatasi akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yake, watu arobaini na wawili, akawaandikia wasimwambie mtu.

Ijumaa asubuhi mzee alikunywa chai yake, akatoka kwenda kutembea ufukweni, na mimi nikachukua taulo safi nikaingia namba nne. Kupeleka taulo si kazi yangu. Nilijiambia nakagua tu usafi. Kitanda kilitandikwa vizuri (wauaji ni watu wa mpangilio), dumu liko pembeni, na chini ya dumu taulo letu jeupe lina doa kubwa jekundu la kuelekea weusi, linanata. Nikainama nikanusa. Lilinukia utamu. Nikajibu moyoni mwangu papo hapo, kwa uhakika wote, kwamba damu ikikaa sana hunukia hivyo, nilishaisoma mahali. Nawakumbusha kwamba ile karatasi ilisema kabisa kwamba mtu huyu anafuga nyuki. Nilikuwa nimeisoma mara mia.

Juu ya meza kulikuwa na daftari. Sikulifungua. Sawa, nililifungua, lakini ukurasa mmoja tu. Kulikuwa kumeandikwa: “Rubona. Nyumba ya tatu ukitoka bandarini. Yuko peke yake. Asubuhi huwa sokoni, niende mchana.” Na chini yake, kwa mwandiko uleule uliotulia: “Lazima nilimalize jambo hili kabla sijafa.”

Niliporudi jikoni, Papa Safari alikuwa ananingoja mlangoni. “Amekuja kuniomba kisu,” akasema. “Ile ndogo ya makali. Na mi, sababu ya woga, nilimpatia.”

Mtaniuliza kwa nini sikupiga simu polisi. Ningependa kuwa na jibu zuri. Ukweli ni kwamba katika vitabu vyangu polisi hufika sura ya tisa, maiti imeshapoa, na mimi nilikuwa nataka kuwa yule mtu wa sura ya nane anayefika mapema. Bosi wetu, Madame Vestine, mwanamke ambaye angenituliza kwa kunitazama tu, alikuwa Kigali kwenye harusi ya mpwa wake. Kwa hiyo hakukuwa na mtu mzima pale. Tulikuwa mimi na mpishi.

Saa saba Bosco, dereva wa moto anayeegesha mbele ya geti letu, aliyekuwa ameondoka na mzee, akarudi akiwa peke yake. Nikamuuliza yule mzee kamwacha wapi.

“Rubona, kwa Mama Odeta,” akasema. “Alikuwa na dumu na mukate mukubwa. Mutu muzuri sana, alikuwa ananiuliza kuhusu watoto wangu.”

Sasa Mama Odeta namjua. Ni mjane anayeniletea sambaza kila Jumamosi, mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, hana maneno mengi, ananipimia na kuniongezea konzi moja juu bila kuombwa. Anaishi peke yake. Nilipomfikiria amekaa na yule mtu mezani nikasahau hata kufunga mlango wa mapokezi. Nikaitia karatasi kwenye mfuko wa nailoni, nikamwambia Bosco, “Turudi hukohuko, haraka,” na Papa Safari akadandia moto nyingine akiwa na aproni yake na mwiko mkononi. Nje ya geti kulikuwa na madereva wa moto sita na wanakwaya watatu. Walikuwa wamekuja kuangalia kama ni kweli. Walipoona mimi natoka mbio, wakaona ni kweli.

Ile barabara ya kwenda Rubona ni nzuri, ziwa liko upande mmoja na vilima upande mwingine, wageni huipiga picha. Mimi sikuona ziwa wala kilima. Nyuma yangu nilisikia pikipiki zinaongezeka. Karibu na kiwanda cha bia watu waliokuwa wanapumzika nje wakauliza kuna nini, mwanakwaya mmoja akajibu akiwa mwendoni, “Muuaji wa watu kumi na tisa iko kwa mama fulani,” nao wakapanda za kwao. Nilihesabu pikipiki kumi na moja, kisha nikaacha kuhesabu, na niwaambie ukweli wa ndani kabisa ambao hata padri sijamwambia: nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini pia nilikuwa najisikia vizuri. Miaka yote nimesoma, sasa nimeingia mwenyewe ndani ya kitabu.

Nyumba ya tatu ukitoka bandarini ni ya matofali, mlango wa bluu. Ulikuwa wazi. Kwenye ufuko wavuvi walikuwa wanashona nyavu, walipoona msafara wakaacha wakaja na wao. Mkuu wa mudugudu, bwana mmoja mtaratibu mwenye kofia ya kufuma, akatokea akifunga vifungo vya shati.

“Habari hii ni ya nani?” akauliza.

Watu wote wakanionyesha mimi.

Kupitia mlango niliona meza, dumu limefunguliwa, kisu cha Papa Safari kiko mkononi mwa mzee, na Mama Odeta amekaa mbele yake analia. Analia kimya kimya, machozi yanamwagika tu. Hiyo ndiyo iliyonimaliza akili. Kulikuwa na kreti tupu la bia kando ya ukuta, nikapanda juu yake nikapaza sauti: “Mama Odeta, usile chochote. Toka nje. Huyo mtu namjua.”

Mama Odeta akageuka akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Mzee akaweka kisu chini. Na mimi, kwa kuwa watu walikuwa wametulia na wengine wa nyuma wanainua shingo, nikatoa karatasi kwenye nailoni nikaisoma yote. Nilisoma vizuri. Kwenye “hakuna hata moja lililomshinda” nilipumzika kidogo ili liwaingie. Kwenye “mke wake wa pili” akina mama wakaguna. Nikainua picha juu, nikaonyesha nyusi, nikazungumzia na taulo.

“Na mukate amekata na kisu yangu,” Papa Safari akaongezea.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akatoka mpaka kizingitini, hakuwa na hasira, uso wake ulikuwa na uchovu tu.

“Binti yangu, hiyo karatasi umeitoa wapi?”

“Kwenye kitabu.”

“Naomba niione.”

“Ushahidi hauguswi,” nikasema. (Hilo nalo niliambiwa baadaye kwamba nililisema. Mimi nilitumaini nimeliota.)

Akaingiza mkono kwenye begi. Watu wakarudi nyuma hatua tatu, mvuvi mmoja akainua kasia. Alichotoa ni kitabu. Kilekile changu, ila hiki kilikuwa na jalada, kilikuwa kinene zaidi, na nyuma kabisa kilikuwa na picha ileile, nyusi ileile. Akampa mkuu wa mudugudu, ambaye alikitazama, akakigeuza, akaninyooshea.

“Wewe ndiye msomaji,” akasema. “Tusomee na hapa.”

Nikasoma. “Mwandishi wa kitabu hiki ni mpelelezi mstaafu wa polisi. Katika miaka yake kazini amefumbua mafumbo ya mauaji kumi na tisa, na hakuna hata moja lililomshinda.” Sauti ilikuwa inanishuka kila neno, kufikia nyuki nilikuwa nanong’ona, na mtu mmoja huko nyuma akasema, “Rudia, sisi huku hatukusikia,” na mkuu wa mudugudu akasema ndiyo, rudia, wote wana haki ya kusikia, nikarudia, kisha mwanakwaya akaomba pale kwenye mpelelezi tena. Mara tatu. Juu ya kreti la bia. Vicheko vilianzia kwa wavuvi vikaja mbele kama wimbi, Bosco akawa ameegemea pikipiki yake hawezi kusimama, na mimi nikacheka kidogo pia, ile ya kusaidia, kwa sababu sikujua uso niufanyie nini.

Aliyezima kicheko ni Mama Odeta. Alitoka akasimama karibu na kreti, na kwa kuwa mimi nilikuwa juu, ilibidi ainue kichwa kuniangalia. Nikashuka upesi.

“Josiane,” akasema, “we unaniita Mama Odeta miaka ngapi?”

“Sita, mama.”

“Ulishaka kuniuliza hata siku moja Odeta iko wapi?”

Nikatikisa kichwa.

“Odeta alikuwa mutoto yangu. Moja tu. Alikuwa anaenda Mwanza kuchukua samaki.” Akaonyesha kitabu mkononi mwangu. “Humu ndani wanamuita Rehema.”

Sijui niwaeleze vipi. Ni kama mtu kanimwagia maji ya ziwa mgongoni. Nilikuwa nimemuua Odeta jikoni mara nyingi sana, na viazi, na mikono, na sauti ya kugonga ukuta. Mama Odeta akaendelea, polepole, bila kunigombeza, na afadhali angenigombeza: “Hata mimi ulinihadithia hii, siku moja ya samedi, nikiwa nakupimia sambaza. Ukanionyesha namna alikuwa anagonga. Ulisema hana mutu, mi sikujua ni Odeta, nilimuhurumia sana ule muwanamuke. Nilifika nyumba, nikamuombea.”

Mzee akasogea mbele. Akasema mbele ya watu wote, si kwa kunitetea, kwamba mwenye kosa la kwanza ni yeye. Alichunguza kesi ile akiwa kazini, akastaafu, akaiandika, na ndani akaandika kwamba yule mwanamke hakuwa na mtu wa kumlilia. Hakuwa amemtafuta mtu yeyote. “Niliandika hivyo kwa sababu sentensi ilikuwa inapendeza,” akasema. “Watu wengi walinisifu kwa sentensi hiyo.” Mpaka mwaka huu padri mmoja wa upande wa Nyundo alipokisoma, akaijua habari, akamwandikia barua kwamba yule mwanamke ana mama, yuko Rubona, anauza sambaza, na tangu msiba huo amekuwa akilia peke yake. Ndipo akafunga safari aje amwombe radhi, na asali ya mizinga yake. Wakati mimi napanda kreti alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumwambia, na mama alikuwa anamwaga machozi yake ya kwanza mbele ya mtu aliyemjua mwanawe, hata kama ni kwa kifo chake tu.

Hapo mtu mwenye akili angeondoka kimya. Mimi, Mungu anisamehe, nikasikia mdomo wangu unasema, “Samahani mzee, na aliyemuua alikuwa nani?”

Bosco alifunika uso. Papa Safari akanikanyaga mguu, lakini kichwa alikuwa amekiinamisha upande wa mzee ili asikose jibu.

“Alifungwa,” Mama Odeta akajibu badala yake. “Akafia mu gereza. Inatosha.”

Mkuu wa mudugudu akaniambia nipande tena kwenye kreti niombe msamaha, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ili hata waliotoka kiwandani waelewe. Nikafanya hivyo. Kisha akawaambia watu waende kazini. Waliondoka taratibu, kama watu wanaotoka kwenye sherehe iliyokuwa nzuri. Wakati wa kurudi mjini kila moto ilinipita kwa mwendo mdogo, dereva ageuke anitazame.

Madame Vestine alirudi Jumapili na habari alikuwa nazo tangu Ijumaa, tena kwa sauti na kwa picha, kwa maana dada wa mume wake anaimba katika kwaya ile. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, “Josiane, ulifungua daftari la mgeni?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Bon,” yaani sawa, na ile bon yake ni nzito kuliko hotuba ya mtu mwingine. Angenifukuza, najua, ila mzee wa namba nne alikwenda kumwomba nisifukuzwe, kwa hiyo nikatolewa mapokezi nikapelekwa kufua, miezi mitatu, na kazi ya kwanza ilikuwa taulo lenye asali. Jina nililipata siku ileile ya kreti. Mpaka leo nikipita kituo cha moto naitwa Komiseri, yaani mkuu wa polisi, wananiuliza leo tunakamata nani, na kuna mama mmoja sokoni simjui kabisa, huwa ananionyesha mumewe akisema nimchunguze.

Mzee alikaa siku nne zaidi, kila mchana yuko Rubona na daftari lake. Siku ya kuondoka alikuja nyuma kwenye kamba za nguo, akaniachia kile kitabu kizima. Akasema tu, “Sura ya mwisho ipo.” Nikaapa sitaifungua. Nilidumu siku mbili. (Alikuwa mshirika wa biashara. Papa Safari hajakubali mpaka leo.)

Jumamosi iliyofuata sikutegemea kumwona Mama Odeta, lakini alikuja na beseni lake, akapita mapokezi moja kwa moja mpaka nilipokuwa nafua. Akanipimia sambaza. Konzi ya juu hakuniongezea, na sikumlaumu. Akasema, “Jumapili, kisha misa, njoo nyumba na ule kitabu. Mi sijui kusoma.”

Nilikwenda nikiogopa kuliko siku ya kreti. Nikamuuliza kama ana uhakika, kwa sababu humo ndani kuna mambo mazito. Akasema, “Hayo acha. Nisomee fasi Odeta iko muzima.”

Nikaanza kutafuta mahali Odeta yuko hai. Nilidhani nakijua kitabu kile kuliko mtu yeyote Rubavu, na nilitafuta mpaka jasho likanitoka. Kuna kurasa za chumba, za kisu, za daktari, kurasa thelathini na kitu za muuaji peke yake, utoto wake, baba yake, viatu alivyopenda. Odeta akiwa hai ana kurasa mbili. Katika kurasa hizo anashuka kwenye basi Mwanza na mizigo, anabishana bei na mwanamume mwenye mizani mbovu, anacheka, anafunga upya kitenge, anauliza wapi watu wanakunywa chai nzuri. Basi.

Nikazisoma. Mama Odeta alikuwa ananisimamisha kusahihisha: hapana, hakuwa mnene. Ndiyo, kicheko chake kilikuwa cha nguvu, hapo amesema kweli. Chai hakuwa anapenda, alikuwa anapenda maziwa. Nilipomaliza akasema niendelee, nikamwambia mama, baada ya hapo anaingia kwenye kile chumba. Akasema nianze tena pale kwenye basi. Nikaanza tena. Tumefanya hivyo Jumapili nyingi sasa, na kurasa hizo mbili zimelegea, zinakaribia kuchomoka.

Vitabu vyangu vingine niliwarudishia madereva. Na nimejiwekea amri moja, ambayo wao wanaicheka wakiniletea kipya: kabla sijakipokea, nakifungua palepale barabarani nitafute ni kurasa ngapi marehemu anaishi, na zikiwa chache kuliko za kisu, kinarudi ndani ya lori. Mpaka sasa sijapata cha kubaki nacho.